Mikaratusi ya Dalmas

Kagwe alipompigia simu alianza na miguu. Alimuuliza Nafuna miguu inaendeleaje, akauliza kama mvua imefika Ngoingwa, akauliza habari za kanisa, akarudi tena kwenye miguu, na mwisho kabisa akasema kamati ya hifadhi ingependa Shosho, kama alivyozoea kumwita, afike Jumamosi, kuna mambo kidogo ya miti. Nafuna aliweka simu juu ya kabati akaketi. Mtu akikuulizia miguu kwa muda mrefu namna hiyo, jua kuna mahali anataka kukupeleka ambapo wewe hutaki kwenda.

Miti yenyewe ilikuwa mikaratusi, na ilikuwa ya Dalmas, marehemu mume wake. Aliipanda kuzunguka kinamasi cha Mathanjini, upande wa Ruiru, kabla hapo mahali hapajaitwa hifadhi ya ndege wala kuwekewa lango na bango. Siku hizo palikuwa uani mwa shamba la kahawa tu, mahali pa mafunjo, matope na vyura, na wenye shamba walipakumbuka pale tu kahawa ilipoanza kunyauka. Leo wanafunzi huja na mabasi, wageni huja na darubini shingoni, na Kagwe, kijana msimamizi, huwatembeza akiwatajia majina ya ndege. Lakini ile mikaratusi ndiyo mtu huiona kwanza akitoka barabarani, mirefu, imesimama bega kwa bega kuzunguka maji yote.

Nafuna aliijua miti hiyo kama anavyowajua watoto wake. Kaburi la Dalmas liko Chwele, Bungoma, na safari ya huko ni ya siku nzima. Tangu miguu ianze kuvimba alikuwa akienda Desemba tu, na Desemba iliyopita hakwenda. Kwa hiyo akimkumbuka mzee wake alimwomba Rachael, bintiye anayeishi naye Ngoingwa, amlete Mathanjini. Alikuwa na mti wake mmoja karibu na lango, ule uliopinda kidogo kiunoni, na hapo ndipo alipomweleza Dalmas habari za wajukuu, nani ameoa, nani amefukuzwa kazi, nani amenenepa. Watu wakipita alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Hakuwa na haya sana, ila hakutaka kueleza.

Jumamosi hiyo Rachael alimwacha langoni akageuza gari kurudi Thika, kwa kuwa alikuwa na zamu kiwandani. Mkutano ulikuwa wa saa nne, na viti vilianza kupangwa saa tano. Ulifanyiwa katika kile kibanda cha mabati wanachoketi wanafunzi, na mwenyekiti alikuwa Githae, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, ambaye shamba lake la ndizi limepakana na kinamasi tangu enzi za baba yake. Yeye na Dalmas walikuwa marafiki wa kubishana. Walibishana kuhusu siasa, kuhusu chai iwe na maziwa kiasi gani, na kuhusu kama ugali ni chakula au ni kazi. Dalmas alipofariki, Githae alipanda basi hadi Chwele, akalala msibani kwenye turubai pamoja na vijana, akarudi na mafua ya mwezi mzima.

Waliomba, wakanywa chai, kisha Githae akasema lililowaleta. Alisema polepole, macho yakiwa kwenye kikombe. Chemchemi zimelegea. Mafunjo ya upande wa juu yamekauka yakawa ya kuwashia moto. Wale korongo wenye taji hawajatotoa hapo kwa misimu kadhaa, wanapita juu tu kama watu wanaopita kwenye duka lililofungwa. Watu wa maji walikuwa wamekuja, wakapima, wakasema kitu ambacho kila mtu pale alikijua tayari, kwamba mikaratusi inakunywa. Iking'olewa sasa, kinamasi kitapona. Ikiachwa, kiangazi kingine kikali kikija hakutakuwa na kinamasi cha kuhifadhi.

Kisha akaeleza kwa nini Nafuna ameitwa. Katika ukoo wa kina Dalmas, mti uliopandwa na mtu aliyekwisha kufa haukatwi hivi hivi. Mjane wake hutoa neno, na yeye ndiye hupiga panga la kwanza. Asipotaka, mti hubaki, na hakuna wa kumsukuma. Githae ni Mkikuyu wa hapo hapo Ruiru na hakuwa na sababu ya kufuata desturi za Chwele, lakini ndiye aliyeiambia kamati kwamba miti ina mwenyewe, na bila neno lake hakuna msumeno utakaopita langoni. Kijana mmoja wa kamati alijaribu kusema kwamba sheria ni sheria. Githae alimtazama tu, na yule kijana akakumbuka kwamba chai yake inapoa.

Wote wakamgeukia Nafuna. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kichwa cha kanisani na ameshika mkoba mapajani kwa mikono miwili. Alikuwa amekuja akiwa na maneno mengi ya heshima, na yote yakampotea.

"Nimeshamzika mara moja," alisema. "Mimi simziki mara ya pili."

Kagwe alianza kukusanya vikombe ambavyo havijamalizwa. Githae akasema mkutano umefungwa, akaomba sala fupi, na watu wakatoka mmoja mmoja wakimpa Nafuna mkono kama ilivyo kawaida ya matanga. Jambo hilo lilimuudhi zaidi ya yote.

Ili uelewe hasira yake ni lazima ujue jinsi miti ile ilivyofika pale.

Nafuna aliletwa Ruiru akiwa mwali, na aliichukia Ruiru siku ya kwanza. Alitoka kwao kwenye mahindi na migomba akaletwa kwenye kampi ya wafanyakazi, nyumba ndefu za chumba kimoja kimoja zilizopangwa kama mabehewa, na pande zote kahawa, kahawa, kahawa. Lugha ya jirani hakuijua. Baridi ya Julai ilimwingia hadi kwenye meno. Alilia siku kadhaa, naye Dalmas, ambaye alikuwa mtu wa pampu na si mtu wa maneno, alisimama mlangoni akipangusa grisi mikononi asijue la kufanya. Kisha asubuhi moja Nafuna akasikia sauti kutoka bondeni, ile sauti ya korongo ya kuita kama tarumbeta iliyoziba, sauti ile ile iliyokuwa ikimwamsha kwao. Alitoka na khanga akashuka mpaka kwenye maji. Walikuwa wawili, wakicheza, mabawa wazi, wakirukaruka na kuinamiana kama wazee wanaosalimiana kwa adabu. Aliporudi aliwasha jiko akapika. Miaka yote baadaye alisema hakukaa Ruiru kwa sababu ya mume, alikaa kwa sababu ya ndege, na Dalmas aliposikia hivyo alicheka zaidi ya mtu yeyote.

Wacha kampi iitwe maskini, lakini watu waliishi. King'ora cha shamba kililia asubuhi, ingawa hakuna aliyekihitaji, maana ndege wa kwarara walikuwa wameshapiga kelele zao juu ya paa. Mvua ikinyesha, kahawa ilitoa maua meupe kwa usiku mmoja na hewa yote ikanukia mpaka watu wakazungumza kwa sauti ya chini bila kujua sababu. Wakati wa mavuno wanawake walichuma buni tangu umande hadi jua kali, na ikifika jioni walishuka kinamasini kukata mafunjo ya kusukia mikeka. Akoth wa kutoka Nyakach aliwafundisha Wakikuyu kusuka, Wakikuyu wakamfundisha kupika irio, na kila mmoja akamsema mwenziwe kwamba hajui. Kanisa moja la wavaa vilemba lilibatizia hapo hapo majini. Mhubiri alizamisha watu huku bata wakiogelea kando wakitazama, na watoto wote wa kampi walikaa ukingoni wakingoja mtu ateleze.

Dalmas ndiye aliyekuwa na ufunguo wa pampu. Ilikuwa mashine kubwa ya dizeli pembeni ya maji, na kiangazi ilinyonya kinamasi kupeleka kwenye kahawa mchana kutwa. Kulikuwa na jiwe moja katika maji ya upande wa juu ambalo mnandi walipenda kuketi wakianika mabawa. Maji yakishuka mpaka shingo ya jiwe ionekane, Dalmas alizima mashine. Nyapara alikuja mbio akiuliza kuna nini, na Dalmas, uso mzito kama wa daktari, alifungua nati moja, akaipuliza, akasema pampu imeshika hewa, labda kesho. Hakuna pampu katika wilaya nzima iliyoshika hewa kama ile. Nafuna alijua, na nyapara akimuuliza mumewe yuko wapi alijibu yuko anatafuta hewa.

Kisha shamba likafa. Bei ya kahawa iliporomoka, wenye shamba wakaondoka, na ikaanza ile miaka ambayo kila ardhi isiyo na mtu juu yake ilijikuta ina mwenyewe mpya. Kahawa iling'olewa, viwanja vikapimwa. Kinamasi kilisemekana ni cha umma na hakitaguswa. Lakini asubuhi moja Githae alipeleka ng'ombe wake kunywa maji akakuta bikoni za saruji, zile alama za mipaka, zimepandwa ukingoni kote, mbichi bado. Watu wa kampi wakazing'oa. Zikarudishwa. Wakazing'oa tena. Ofisini waliambiwa kwamba pale ni pahali patupu, hapana anayepatunza, na pahali patupu panaweza kugawiwa.

Neno hilo, patupu, lilimkaa Dalmas kooni. Kwao, watu wakigombea mpaka, mzee wa mtaa haulizi kwanza karatasi. Anauliza mikaratusi hii alipanda nani. Mwenye mstari wa miti ndiye mwenye kuwepo, kesi imeisha, twende tukale. Basi akaamua kupanda. Githae alikubali miti lakini alitaka mikuyu, miti ya maji, miti ya ndege, miti ambayo mababu zake waliiheshimu. Walibishana siku nzima ukingoni. Dalmas alisema mkuyu ni mti mzuri sana wa wajukuu, lakini sorveya wa kupima viwanja anarudi mwezi ujao. Mkaratusi unaupanda leo, mwakani umekupita kichwa. Hapo Githae alinyamaza, na alikuwa hajanyamazishwa mara nyingi maishani mwake.

Kampi nzima ilipanda. Wanaume walichimba, watoto walibeba miche, na wanawake walinywesha. Nafuna mwenyewe alipita kiangazi chote cha kwanza akishuka kinamasini na debe lile lile la kuchumia buni, akilijaza, akipanda nalo kichwani, akimimina kwenye kila shina kikombe baada ya kikombe. Shingo ilimuuma mpaka akawa analala chali kama maiti. Maofisa walipokuja kuona pahali patupu walikuta uzio wa miti inayofika kifuani na umati wa watu kila upande, na yule aliyekuwa akijiita mwenye kiwanja hakuonekana tena. Ilichukua miaka mingine ya kusukumana, lakini Mathanjini ikabaki Mathanjini. Watu wa ndege wakaja, bango likaja, na siku ya kufungua lango hotuba zilikuwa ndefu na hakuna aliyemtaja mtu wa pampu. Hakujali. Alisimama nyuma akitazama miti yake.

Hiyo ndiyo miti waliyotaka Nafuna aikate.

Baada ya mkutano Githae hakwenda nyumbani. Alimkuta Nafuna kwenye mti wake uliopinda, akasimama mbali kidogo mpaka Nafuna alipofungua kamba ya kiatu na kuifunga tena. Kisha akasema Rachael atachelewa, na yeye alikuwa anataka kuzunguka kidogo, kama miguu itakubali. Hakutaja miti. Nafuna alimjua Githae vya kutosha kujua kwamba mtu wa kubishana akinyamaza ana lake, lakini kukaa peke yake na hasira kulikuwa kumemchosha. Wakaenda.

Walipita polepole kwenye njia ya wageni, kisha wakaiacha wakaingia upande wa juu, ambako Nafuna hakuwa amefika tangu afe Dalmas. Alikuwa mtu wa langoni siku hizi, mtu wa mti mmoja. Alitafuta mahali walipokuwa wakikata mafunjo na Akoth, wakikunja sketi, maji yakiwafika kiunoni, wakipiga kelele kwa kuogopa ruba. Alipaona na hakupatambua. Ardhi ilikuwa imepasuka vipande vipande. Mabua ya mafunjo yalivunjika chini ya kiatu chake yakitoa sauti kavu, na juu ya yote kulikuwa na majani ya mkaratusi, mengi, yamekauka na kujikunja, yakinuka dawa ya kifua.

Aliendelea mbele bila kumngoja Githae. Alikwenda hadi kwenye lile jiwe la mnandi. Lilikuwa limesimama nchi kavu, zima zima, mpaka kwenye nyayo, na mbuzi wa mtu walikuwa wamelala kivulini mwake na kuacha alama zao. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona chini ya jiwe lile. Hata Dalmas hakuwahi kuona, maana kazi yake yote ilikuwa kuhakikisha halionekani.

Aliketi juu yake kwa sababu miguu ilikataa. Alihisi aibu, kama mtu aliyeingia chumbani akamkuta mwenyewe hajavaa. Githae alifika akihema, akaegemea fimbo yake. Kwa muda walisikiliza. Hapakuwa na cha kusikiliza, ila majani ya juu yakisuguana.

"Angekuwa hapa angefunga," Nafuna alisema.

"Angefunga nini, Mama Rachael?"

"Pampu." Alielekeza kidevu juu, kwenye ule mstari wote wa miti. "Hii yote ni pampu, Baba Ciku. Inanyonya usiku na mchana. Na mimi ndiye niliizoesha haya maji, na debe langu. Yule wa kufunga ndiye hayuko."

Githae alivua kofia akaikunja, akaivaa tena. Hakusema nilikwambia, wala hakutaja mikuyu, na kwa hilo peke yake Nafuna alimsamehe mabishano ya miaka thelathini.

Lakini kulikuwa na jambo lingine, na hilo lilikuwa gumu kulisema kuliko la kaburi. Alimuuliza, je, miti ikiondoka na wale wa bikoni wakirudi? Miti ndiyo iliyowafukuza. Githae alisema siku hizi kuna karatasi, kuna bango, kuna lango. Nafuna alimkumbusha kwamba hata siku zile waliambiwa kuna karatasi. Githae alifikiri, akasema basi wakirudi watatukuta. Nafuna akamtazama, mzee mwenye fimbo na mafua yasiyoisha, akajitazama mwenyewe na viatu vyake vya kuvimbia. Wote wawili wakacheka, kicheko kibaya. Kisha akalia, kwa sauti, bila kujificha, na Githae akakaa chini majanini upande wa pili wa jiwe akamwacha alie mpaka atosheke.

Alitoa neno jioni hiyo, kabla Rachael hajafika. Alilitoa kwa masharti: aambiwe siku, panga la kwanza liwe lake, na asipatikane mtu wa kutoa hotuba kuhusu Dalmas, kwa sababu alipokuwa hai hawakumtaja na sasa hana haja.

Siku yenyewe waliianza na mti uliopinda. Nafuna ndiye aliyechagua hivyo; alisema akiuacha mwisho atabadilisha mawazo njiani. Vijana wa msumeno walisimama kando, injini imezimwa. Rachael alimshika mamake kiwiko. Nafuna aliweka kiganja kwenye gamba, pale pale palipolainika kwa kuguswa, akazungumza kwa Kibukusu, na kwa kuwa Rachael peke yake ndiye aliyemwelewa, ni Rachael peke yake aliyeangalia chini. Alimwambia Dalmas zamu yake imeisha. Alimwambia alilinda vizuri, hakuna mtu aliyepita, na sasa ateremke akapumzike, wengine watashika. Alimwambia asikasirike. Kisha akapiga panga. Halikuingia sana, mkaratusi ni mti mgumu, lakini liliingia.

"Endeleeni," aliwaambia vijana, akaenda kukaa garini na kufunga kioo.

Kazi ilichukua muda. Nafuna hakwenda tena. Alikaa Ngoingwa akichambua mboga asizozihitaji, akigombana na mwenye nyumba kuhusu taka, akimuuliza Rachael kila jioni kama kuna aliyepiga simu. Usingizi ulimkimbia. Alijuta, kisha akajuta kwamba amejuta. Githae alipopiga simu mwishoni hakuanza na miguu. Alisema imekwisha, na akasema afadhali aje ajionee kuliko kuambiwa.

Alikwenda mchana wa jua. Alijua hataona mti, alikuwa amejiandaa kwa hilo kama mtu anavyojiandaa kuingia chumba cha mgonjwa. Hakuwa amejiandaa kwa mwanga. Pale alipozoea kivuli palikuwa wazi kabisa, mbingu imeshuka hadi chini, na kinamasi chote kilikuwa mbele yake, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na mwisho ulikuwa karibu. Maji kidogo katikati, duara la mafunjo, ukanda wa nyasi, basi. Baada ya hapo yalikuwa magorofa, pande zote, marefu, mengine yamepakwa rangi, mengine bado mawe na nguzo za saruji, yamebanana hadi kwenye uzio. Nguo zilikuwa zimeanikwa kwenye roshani. Mtu angeweza kutupa ganda la ndizi kutoka dirishani likaanguka kwenye kiota.

Miaka yote alikuwa akija hapa akidhani nyuma ya miti kuna zaidi. Kichwani mwake Mathanjini ilikuwa nchi. Wanawake walipotea humo wakikata mafunjo, ilibidi waitane. Alitazama kushoto, akatazama kulia, na hakuhitaji hata kugeuza shingo sana.

"Kumbe ni kadogo hivi," alisema.

Githae alisema ndiyo, ni kadogo hivyo, na hata wakati ule hakakuwa kakubwa sana. Ni kahawa iliyokuwa imekafanya kaonekane hakana mwisho.

Nafuna akauliza lile lililokuwa linamuuma, polepole, kama mtu anayeogopa jibu. Aliuliza kama Dalmas alikuwa anajua. Alitaka kujua kama mumewe alikufa akidhani ameokoa kitu kikubwa.

"Alijua," Githae alisema. "Tulikazunguka na yeye kwa miguu kabla ya kupanda. Hata chai haikuwa imepoa tulipomaliza. Mimi nikamwambia, bado nataka mikuyu. Akaniambia, Githae, mpaka ni sababu moja. Lakini mtu akikaona vile kalivyo kadogo, atakachukua bila hata kufikiri. Wacha tukafiche."

Miaka yote Nafuna aliidhani miti ile ni uzio. Mume wake, mtu asiye na maneno, mtu wa kutafuta hewa, alikuwa ameyafunika maji yale kama mama anavyomfunika mtoto mchanga asionwe na macho ya watu. Hakumwambia hata yeye. Alimpenda wakati huo kuliko alivyompenda akiwa hai, na ilimuuma kwamba hakuna gamba la mti la kumwambia hivyo.

Kwenye roshani ya gorofa lililokuwa karibu zaidi, wanaume wawili walikuwa wamesimama wakitazama chini. Mmoja alinyoosha mkono akaonyesha kitu, kuanzia upande huu hadi upande ule, kama mtu anayekadiria. Labda alikuwa anaonyesha ndege. Nafuna aliwatazama, nao wakaona kwamba wametazamwa, na yule mmoja akaushusha mkono.

Kagwe alikuja na kiti cha plastiki, akakiweka vizuri kuelekea majini, akasema Shosho keti, kuna yangeyange pale. Nafuna alimshukuru. Alikishika kiti, akakigeuza, akakipa kinamasi mgongo, akaketi na mkoba wake mapajani akiyakabili magorofa. Rachael alipokuja kumchukua, jua likiwa limelala, alimkuta hapo hapo, na alimwambia bintiye kwamba kesho amlete mapema.